Kipandio cha Tisa

Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana, watoto kumi na wawili waliochaguliwa kwa sababu ya hofu zao walibaki katika darasa la sita, na Mwalimu Venant Nkeshimana akaufunga mlango kwa ufunguo wake mwenyewe. Hakufunga ili watoto wasitoke. Alifunga ili mkurugenzi asiingie.

Mradi wa kutibu hofu za watoto ulikuwa umefika pale Kilibula, mtaa wa Uvira, ukiwa na mabango, kofia na sanduku zima la biskuti, na takataka zote hizo mwalimu alizidharau siku ileile. Lakini tiba yenyewe hakuidharau. Ilimfundisha mtoto kwamba hofu ni mlinzi wa zamu: ina kazi yake, ila ikizoea kupiga kelele kila jani likianguka, haina budi kuhojiwa. Mtoto aliandika wazo linalomtisha, akaugawa ukurasa kwa mstari, upande huu ushahidi wa kulithibitisha wazo, upande ule ushahidi wa kulikanusha. Kisha akajijengea ngazi. Chini aliweka jambo linalomtisha kidogo, juu kabisa lile linalomnyima usingizi, akapanda kipandio kimoja kimoja, akisimama palepale mpaka hofu, iliyopimwa kutoka sifuri hadi kumi, ishuke yenyewe. Mtu aliyekariri sarufi ya Kilatini mbele ya mapadri hakuweza kuichukia njia yenye mpangilio wa namna hiyo.

Maana Venant alikuwa mtoto wa bweni. Miaka sita aliishi katika shule ya mapadri huko milimani, akilala kwa kengele na kuamka kwa kengele, na mpaka leo alisimama kama mtu anayengoja kukaguliwa kucha. Kule bwenini barua za wanafunzi zilifunguliwa na msimamizi wa nidhamu, na zile zenye machozi zilisomwa kwa sauti wakati wa chakula, vijana wakicheka huku wakitafuna maharage. Siku iliposomwa ya kwake, aliapa kwamba hatasoma kamwe alichoandika mwingine kwa siri, na kwamba mdomo wake hautatoa uongo. Miaka thelathini na minne alikuwa amekishika kiapo hicho. Watu wa Kilibula walimbandika jina la Bwana Ndiyo-Ndiyo, kwa sababu ndiyo yake ilikuwa ndiyo; nusu walimcheka, nusu walimheshimu, na yeye alipokea heshima na kicheko kama malipo ya haki.

Kijitabu cha mradi kilimkataza kumlazimisha mtoto asimulie mambo ya vita. Kanuni ya kijitabu na kiapo chake vilikubaliana, naye akaona fahari. Hakumwuliza mtoto yeyote kwa nini.

Miongoni mwa wale kumi na wawili alikuwamo Keza Irankunda, binti wa miaka kumi na miwili, mwepesi wa hesabu na mzito wa maneno. Miaka minne nyuma alikuwa ameletwa kutoka Nyakabere, katika uwanda wa Ruzizi, baada ya watu wenye bunduki kupita huko, akalelewa na shangazi yake Pudentienne, muuza unga wa muhogo. Ngazi yake ilikuwa na vipandio tisa, na vyote vilihusu mtu mmoja. Cha kwanza kilisema: kutaja jina la Bwana Cyprien. Cha nne: kupita mbele ya duka lake upande wa pili wa barabara. Cha nane: kuingia dukani na kununua chumvi. Cha tisa: kumpa mkono.

Cyprien alikuwa mfanyabiashara wa simenti na mabati, mwenye kitambi cha amani, na mwenyekiti wa komite ya wazazi. Kila mtu alimwita Prezida. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo alisimama langoni na mkurugenzi, makasi mkononi, akiwakata nywele wasichana walioshindwa kunyoa, huku akiwatania. Keza alikuwa mmoja wao. Basi Mwalimu Venant alipoiona ngazi ile alijiambia kwamba ameelewa: mtoto wa shamba anaogopa makasi na kitambi. Hofu nyepesi kabisa. Akampandisha. Kipandio kwa kipandio, wiki kwa wiki, tarakimu za Keza zilishuka kama ilivyoandikwa, na mwalimu akazinakili kwa wino wa buluu na mwandiko ulionyooka, akijisifu moyoni.

Jumatano ya kipandio cha nane alimsindikiza mpaka karibu na duka, akasimama kando ya mwanamke aliyekuwa akipepeta ndagala, wale dagaa wa ziwani. Keza aliingia. Akakaa humo kitambo kilichotosha kusali Baba Yetu mara nne. Alipotoka, pakiti ya chumvi ilikuwa imepasuka mkononi mwake na chumvi ikimwagika juu ya viatu.

"Ngapi?" mwalimu aliuliza.

"Kumi."

"Uliingia na ngapi?"

"Na sita."

"Nilikwambia usitoke mpaka ishuke."

"Haishuki, Mwalimu. Iko inapanda tu."

"Alikufanya nini?"

"Aliniuliza niko mutoto wa nani. Nikasema wa shangazi Pudentienne. Akasema, ule hana bwana, weye baba yako iko wapi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema chumvi."

Mwalimu alimrudisha darasani, akaacha mlango wazi kama ilivyopasa mwanamume anapokuwa na mtoto wa kike, akachora mstari katikati ya ubao. Alikuwa na hasira kidogo, hasira ya mtu ambaye hesabu yake imekataa kutoka. "Tuhoji wazo," alisema. "Wazo lenyewe ni lipi?"

"Ataniua."

Alikaribia kutabasamu. Kijitabu kilikuwa na jina la kosa hilo, kulikuza jambo. "Haya. Lete ushahidi."

Keza aliutazama ubao, si yeye. "Walikuja asubuhi, tuko tunaanika muhogo. Wale wenye bunduki hawakujua nyumba. Yeye ndiye alijua, alikuwa ananunua muhogo kwetu. Wakamuuliza, Nyandwi iko wapi. Alikuwa anatafuna muhindi, hakusema neno. Akainua gunzi, hivi, akaonyesha nyumba ya mbuzi."

"Nyandwi ni nani?"

"Baba."

Nje mtu alikuwa akipiga mpira ukutani.

"Na baba alikuwa katika nyumba ya mbuzi."

"Ndiyo. Walipomaliza, akatupa gunzi, akajipangusa mikono kwa suruali."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Chini ya mukeka ya muhogo. Hakuniona. Lakini leo aliniangalia kama muntu anayetafuta jina alilosahau."

"Shangazi anajua?"

"Hapana. Angeenda kumshika shati."

Mwalimu aligeukia upande wa pili wa mstari, ule wa kukanusha. Wiki zote alikuwa amewaambia watoto kwamba upande huo haubaki mtupu kamwe, kwamba anayetafuta kwa uaminifu hupata. Hakupata.

"Kwa nini basi ulimweka kwenye ngazi?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mwalimu.

"Mwalimu alisema hofu inadanganya. Nilitaka kuona kama inadanganya."

Alipobaki peke yake alikifungua kijitabu, ukurasa wa kumi na moja. Aliukumbuka vyema. *Kabla ya kupanda, msimamizi ahakikishe kwamba hatari si ya kweli.* Pembeni, kwa wino wa buluu na mwandiko ulionyooka, alikuwa ameandika mwenyewe: *imefanyika*. Haikuwa imefanyika. Kuhakikisha kulitaka kuuliza, na yeye alikuwa mtu safi asiyeuliza. Kinyaa kilimpanda, si kwa Cyprien bado, maana Cyprien alikuwa mbali, bali kwa ule mwandiko mzuri. Alikuwa amemchukua yatima akamsogeza kwa muuaji wa baba yake hatua nane, na kila hatua akampa alama.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bertrand, mkurugenzi wa shule, mtu laini kama ndizi iliyopitiliza, kumwambia kwamba Ijumaa Keza hatakuwepo. Ijumaa wageni wa mradi walitarajiwa, na kila mtoto alipaswa kupanda kipandio chake cha mwisho mbele ya wazazi.

"Haiwezekani," Bertrand alisema. "Keza ndiye kilele cha programu. Prezida mwenyewe amekubali kutoa mkono. Amefurahi kweli."

"Prezida amejuaje?"

Bertrand alichezea kifuniko cha kalamu. "Jumatatu nilisomea komite zile ngazi. Usinikunjie uso, Mwalimu. Kabati lina funguo mbili, ya kwako na ya shule. Wazazi wana haki. Tulicheka siku ile, we acha. Kuna mtoto anaogopa choo, mwingine anaogopa baiskeli. Ilipofika kwa Prezida, yeye alicheka kupita wote."

"Kisha?"

"Kisha nini?"

"Baada ya kucheka."

"Akauliza huyo mtoto ametoka wapi. Nikasema mimi sijui, watoto ni mia sita, muulizeni Ndiyo-Ndiyo. Kesho saa tisa anakungoja kwake, uende na daftari la mtoto umweleze hii mambo ya kuogopwa."

Venant alimtazama mtu yule akitafuna biskuti ya watoto, chembe zikimdondokea kwenye tai. Maharage yalikuwa yamegeuka biskuti; mengine yote yalikuwa yaleyale. Lakini aliaga na kutoka, kwa kuwa hasira yake ingefika kwa Cyprien kabla ya jua kuchwa, na Cyprien angejua kusoma hasira.

Usiku huo na asubuhi yake aliupima mji wote. Kumshitaki? Kamanda wa askari wa mji alikula kwa Cyprien kila Jumapili. Kumtorosha mtoto? Mtoto anayetoroka siku mbili baada ya kuulizwa baba yake yuko wapi amekwisha kujibu, na barabara ya Fizi, kama ile ya Bujumbura, ilikuwa na vizuizi vilivyoshikwa na watu waliomwamkia Prezida kwa jina. Kumkabili Cyprien hadharani na kumtaja? Hilo lingemletea Venant heshima kubwa, pengine na mazishi makubwa, na Keza angebaki pale pale akiwa na miaka kumi na miwili. Kila tendo safi alilolifikiria lilimwacha yeye msafi na mtoto amekufa.

Saa sita mchana alilitoa kabatini lile daftari dogo la Keza. Chini ya ngazi palikuwa na mstari wa kujazwa: *Ninachofikiri kitatokea*. Keza alikuwa ameuacha mtupu. Mwalimu akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika kwa herufi zinazoyumba: *Atanikata nywele mbele ya wavulana.* Kazi iliyodumu dakika moja. Hakuna uongo unaokwenda vizuri kama ule ambao wewe mwenyewe uliuamini juzi.

Kisha akapita sokoni kwa Pudentienne, mwanamke mrefu mwenye unga hadi kwenye nyusi.

"Mama, mtu yeyote akikuuliza baba ya Keza, alikuwa mvuvi wa Makobola. Ziwa lilimchukua."

"Kaka yangu hajawahi kushika hata ndoana," alisema. "Kwa nini nimkane ndugu yangu, Mwalimu?"

"Kwa ajili ya mtoto wake."

Pudentienne akachota unga, akausawazisha kwenye kopo la kupimia kwa kiganja, akaumimina tena guniani. "Makobola," alisema, na hakuuliza zaidi. Vita vilikuwa vimewafundisha watu adabu ya kutouliza, na Venant alianza kuichukia adabu hiyo.

Nyumba ya Cyprien ilikuwa na baraza la vigae vinavyong'aa. Mwenyeji alikuwa amevaa kandambili, shati wazi, kifua kikipumua kwa raha. Mbele yake palikuwa na chungu cha impeke, ile pombe ya mtama, chenye mrija mmoja mrefu.

"Karibu, Mwalimu wetu. Nasikia mimi niko zimwi la shule."

"Watoto hawakosi zimwi, Prezida. Wasipopewa, wanajitungia."

Cyprien alicheka, na Venant akacheka. Alikisikia kicheko chake mwenyewe kama bawaba ya lango lisilotiwa mafuta. Akamkabidhi daftari. Cyprien akalisoma polepole, midomo ikitembea, kidole kinene kikishuka kipandio baada ya kipandio, na alipofika kwenye mstari wa chini akasoma mara mbili.

"Nywele?"

"Ulimkata mwezi wa tisa, langoni. Wavulana walimwita kipara mpaka Noeli. Nimemsema wiki nzima: msichana mzima unalilia nywele wakati nchi inalia watu."

"Mmm." Cyprien hakulirudisha daftari. "Na baba yake?"

"Mvuvi wa Makobola. Ziwa lilimchukua."

"Makobola. Ajabu. Kiswahili chake iko na Kirundi ndani. Mimi nilisema huyu ni wa uwandani, wa upande wa Nyakabere kule."

"Mama yake alikuwa Mrundi," alisema Venant. Uongo wa kwanza haujapoa na tayari umezaa.

Cyprien alimtazama kwa macho mawili yasiyo na haraka yoyote. Hayakuwa macho ya mnyama. Venant angependa yawe ya mnyama. Yalikuwa macho ya mtu mwangalifu anayekagua simenti kama imeshika unyevu.

"Angeniambia mwalimu mwingine," alisema hatimaye, "ningetuma mtu Makobola kuuliza. Lakini mbele yangu amekaa Ndiyo-Ndiyo. Kama weye unadanganya, basi Uvira nzima hakuna wa kuamini." Akaegemea, kitambi kikalegea. Akainamia chungu, akavuta kwanza yeye kama ilivyo desturi, ili mgeni aone hakuna sumu, akaifuta ncha ya mrija kwa kidole gumba na kumsogezea. Ilibaki imelowa. "Kunywa, Mwalimu. Asiyekunywa na mimi ananiogopa, na wanaoniogopa tumeshawahesabu, ni mmoja tu, na ana kipara."

Miaka thelathini na minne ya ukweli ilikuwa imejilimbikiza kama akiba, na yote ilitumika hapo barazani, kwa mpigo mmoja, kumnunulia mtu huyo utulivu wa moyo. Venant aliutia mrija mdomoni. Ulikuwa na joto la mdomo mwingine. Akavuta. Mtama uliochacha ukamjaa kinywani, akaumeza, na kwa kuwa Cyprien alikuwa bado akimtazama koo, akavuta tena.

"Tamu?" mwenyeji aliuliza.

"Tamu," alisema Venant.

"Basi kesho nitampa mutoto mkono mbele ya wageni, nimwambie nywele zake sitazigusa tena. Tumalize hii kitu kwa amani."

Hapo ndipo mwalimu alipouona ukubwa wa alichokijenga. Uongo ule haukumwondolea Keza kipandio cha tisa. Ulikifanya kuwa cha lazima. Akikataa mkono, akitetemeka, akilia, nywele hazitatosha kueleza.

Asubuhi ya Ijumaa alimwita kabla ya kengele, wakasimama kati ya madarasa mawili ambapo kila mtu aliweza kuwaona na hakuna aliyeweza kuwasikia. Alimweleza yote bila kupamba: komite, nywele, Makobola, mama Mrundi. Alisema pia kwamba alikosea, na kwamba kosa ni lake, si la Keza. Sentensi hiyo alikuwa hajapata kumwambia mwanafunzi.

"Kwa hiyo nimpe mkono," Keza alisema.

"Ndiyo."

"Hii ndiyo tiba?"

"Hapana. Tiba ni ya hofu inayodanganya. Hii ni kujificha. Ulijificha chini ya mkeka. Leo unajificha mbele ya watu. Mtihani wa mwisho uko baada ya wiki saba. Ukiisha, shangazi atakupeleka kwa watu wake ng'ambo ya mpaka, kama watoto wote wanavyokwenda likizo, na hutarudi."

Keza alifikiri. "Nitatabasamu kiasi gani?"

Swali lile lilimchoma kuliko kilio. "Kidogo," alisema. "Kama mtu aliyeona haya."

Saa nne ua wa shule ulijaa. Wageni walikaa chini ya hema kwa viti vya plastiki. Claire, binti wa Bukavu aliyesimamia mradi, alizunguka na karatasi zake, amevaa kofia yenye nembo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye jedwali. Venant alikuwa amemkaribia mapema na kumwambia kwamba kipandio cha mwisho hakifai kupandwa mbele ya umati, naye akajibu kwa upole kwamba ngazi isiyokamilika ingeonekana vibaya kwenye ripoti, tena ya mtoto aliyefanya vizuri hivyo. Akampa biskuti.

Watoto walipanda mmoja mmoja. Yule wa choo aliingia chooni akahesabu hadi hamsini, watu wakapiga makofi. Yule wa baiskeli akazunguka ua. Kisha Bertrand akaita jina la Keza kwenye kipaza sauti, akaongeza utani kuhusu makasi, na wazazi wakaangua kicheko. Cyprien alikuwa amekwisha simama, suti ya kijivu, mkono mbele.

Keza alivuka ua. Mwalimu Venant alihesabu hatua na hakuweza kuacha kuhesabu. Alipofika, binti alipiga goti kidogo, akautoa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akakishika kiwiko chake, kama afundishwavyo mtoto wa heshima anapomwamkia mkubwa. Aliinamisha kichwa. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeona haya.

"Jambo, Prezida."

"Jambo, mama mudogo. Nywele zako, sitazigusa tena, umesikia?" Na wakati akilisema hilo aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya kichwa cha mtoto, akampapasa utosini, mbele, nyuma, mbele, ule mkono uliojipangusa kwa suruali. Watu walicheka. Kamanda, katika safu ya kwanza, alicheka. Venant pia alicheka, maana Cyprien alikuwa amemgeukia kumkonyeza.

"Baba yako alikuwa muvuvi mukubwa, nasikia," Cyprien alisema, sauti ikiwa ya kirafiki kabisa.

"Ndiyo, Prezida. Ziwa lilimchukua. Tulikuwa tunamletea ugali ufukweni."

Ugali ule haukuwamo katika maneno ya mwalimu. Keza aliutunga mwenyewe, palepale, akiwa anapapaswa kichwa. Cyprien akatikisa kichwa kwa huruma, akamwachia mkono.

Claire alisogea na karatasi yake. "Keza, kutoka sifuri hadi kumi, sasa hivi hofu yako ni ngapi?"

"Sifuri, madame."

Makofi yalipigwa mpaka kunguru wakaondoka kwenye bati. Mgeni mmoja alifuta machozi. Claire akaandika duara dogo safi kwenye jedwali lake, na Venant akageuza uso, kwani alihisi ladha ya mtama uliochacha ikimrudi.

Wiki saba zilipita. Cyprien hakutuma mtu Makobola. Kila Jumapili alimwita rafiki yake mwalimu barazani, na rafiki yake akaenda, kwa kuwa kutokwenda kungesema neno. Alikunywa. Alicheka. Alisikiliza bei za mabati. Nyumbani alisukutua kwa maji ya chumvi, kisha akaona aibu ya kusukutua, akaacha. Watu wa Kilibula walisema mtu yule mkavu hatimaye amejifunza kuishi na wenzake, na heshima yake ikaongezeka.

Jumatano aliendelea kufunga mlango na kuwaketisha wale kumi na wawili, kwa sababu hofu za wengine zilikuwa kweli zinadanganya na zilistahili kuhojiwa. Keza alikaa mahali pake. Mwalimu alipomwuliza tarakimu yake, alijibu sifuri. Siku ambayo risasi zilisikika upande wa milima na watoto wote wakaingia chini ya madawati, mwalimu alimfuata, akachutama kando yake, akamnong'oneza, "Mimi unaweza kuniambia. Ni ngapi?"

"Sifuri, Mwalimu," Keza alisema kutoka chini ya dawati, kwa adabu.

Mtihani uliisha siku ya Alhamisi. Alfajiri ya Jumamosi Pudentienne alikuwa njia panda na furushi moja, si mawili, kama mtu anayekwenda likizo, akingoja gari la kuelekea mpakani. Mwalimu alifika amevaa koti. Alikuwa ameandaa maneno, machache, yaliyonyooka: kwamba sasa yamekwisha, kwamba kule anakokwenda hana haja tena ya kusema sifuri kwa mtu yeyote.

Hakuyasema. Keza alimwona akija, akapiga goti kidogo, akautoa mkono wa kulia, akakishika kiwiko chake kwa mkono wa kushoto. Aliinamisha kichwa. Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeona haya.

"Asante kwa yote, Mwalimu."

Aliushika mkono ule, mkavu, mtulivu, usio na kasoro, akatafuta ndani yake angalau kidole kimoja kilichokuwa cha Keza mwenyewe. Gari lilipofika mtoto aliuondoa taratibu, akapanda, akaketi upande wa ziwa.